Orodha ya Bei Nyuma ya Mlango

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo natakiwa kusimama mbele ya kamati ya bunge niseme jambo ambalo ni kweli na si kweli. Mimi ni mpokea wagonjwa kwenye zahanati ya mtu binafsi, mwaka wa sita huu, na bosi wangu si mtu mbaya, ndiye aliyeniajiri nikiwa na mimba wengine wote wamenikataa, ila ilipopita sheria ya kubandika orodha ya bei mapokezi, aliibandika kweli, lakini kwenye ukuta wa nyuma ya mlango, halafu akanipa jiwe la kuzuia mlango usijifunge, basi kutwa mlango uko wazi umeifunika orodha, na mkaguzi akija nalisukuma jiwe kwa mguu, mlango unajifunga, anaiona, anasaini, anaenda zake. Sasa wabunge wanataka sheria kali zaidi ya kuweka kikomo cha bei, wanakusanya maoni, na bosi anataka nikaseme kwamba orodha ipo na hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika, na ni kweli hakuna. Ningeenda bila wasiwasi, lakini mwezi jana mama yangu alitibiwa zahanati nyingine, mji mwingine, akauza cherehani yake kulipia kipimo kimoja, nikamfokea, "Mama, kwani hukusoma bei ukutani? Si sheria ipo!" Akanijibu taratibu, "Nilitafuta, mwanangu. Ukuta mmoja tu sikuuona, mlango uliufunika, wameuwekea tofali." Tangu hapo nikiligusa lile jiwe naona aibu. Nina watoto wawili na kodi ya nyumba. Nikaseme nini?

Mpokea wagonjwa

Dada wa mapokezi,

Pole kwa cherehani ya mama. Pole yenyewe ni hiyo moja, sasa nikuseme kidogo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: miaka yote hiyo mguu wako haukuuma mpaka alipoumia mama yako. Bosi alikutendea wema, sawa, mlipe kwa kufika kazini mapema, si kwa mifuko ya wagonjwa. Na hao wasiolalamika, walalamikie bei gani wakati umewafichia?

Alhamisi nenda. Usimtukane bosi, wala usijadili kikomo kiwe kiasi gani, hiyo ni kazi ya wabunge. Sema ulichokifanya mwenyewe: jiwe, mguu, mlango. Mwulize katibu wa kamati kama wanaweza kukusikiliza faragha. Jumatano mwambie bosi uso kwa uso utakachosema, asikisikie huko. Anaweza kukufukuza, sikufichi, kwa hiyo anza leo kuulizia kazi kwingine.

Lakini usingoje Alhamisi. Kesho asubuhi, kabla hujaketi, lichukue hilo jiwe ukalitupe nje. Mlango ujifunge wenyewe, na mgonjwa wa kwanza asome.