Firigisi ya Habil

Alhamisi, 4 Juni 1964
Mvua tangu asubuhi. Wateja kama kawaida: wenye malori wa Mumias, mwenye duka kutoka Kabras anayetaka bima ya moto, na mwalimu mmoja aliyekuja kulalamika tu. Wote kwa Rispa, kaunta. Habil alipiga taipu na miayo. Kampuni ya bima huko Nairobi imetusifu. Lazima niwape makarani wangu zawadi. Hela ya kutupa sina, kuku ninao. Jumamosi watakula kwangu.

Jumamosi, 6 Juni
Karamu imefana. Nimechinja jogoo, mke wangu Selina akasonga obusuma, ugali wetu. Firigisi, kipande cha heshima, nikampa Habil, maana ndiye mwanamume. Rispa bawa na shingo. Marehemu mama hakuonja kuku maisha yake yote, maana mila zetu ziliwanyima wanawake, kwa hiyo nilijiona nimestaarabika sana. Nikatoa na hotuba. Rispa aliondoka mapema, bawa halijaguswa. Wasichana wa siku hizi hawana hamu ya chakula.

Jumatatu, 8 Juni
Rispa hajaja. Hakuleta hata salamu.
Nimemweka Habil kaunta. Balaa. Mwenye malori mmoja wa Mumias kaingia na "Asalaam aleikum" yake, Habil akamjibu, "Jina?" Mtu akageuka akaenda zake, na bima yake inakwisha wiki hii.

Jumanne, 9 Juni
Hajaja tena. Benchi tupu. Wateja wakihama, kampuni itafunga ofisi hii, nami nirudi kushika jembe. Naogopa.
Nimemweleza Selina. Akauliza firigisi alikula nani. Nikamwambia.
"Kwani hao watu wanakujanga kuona Habil?"
Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Kisha nikaona aibu. Mjinga ni mimi.

Jumatano, 10 Juni
Nimekwenda kwao Rispa, Shinyalu, kwa baiskeli. Nimemkuta anapalilia mahindi. Nikaomba radhi nimesimama kwenye matope. Sijazoea kuomba radhi, na kumwomba karani wangu ndiyo kabisa.
Aliendelea kupalilia mstari mzima. Halafu, akiniita kwa kazi yangu ya zamani:
"Mwalimu, firigisi iliniuma. Lakini ile imenitoa ni mshahara. Habil analipwanga kunishinda, na kazi nafanyanga mimi."
Nikasema Habil ana watoto. Akasema wateja hawana habari na watoto wa Habil.
Nikamuuliza anataka nini. Anataka walipwe sawa, apate fungu la kamisheni kwa kila mteja anayerudi kukata bima upya, na Habil afundishwe kusalimia watu ili yeye apate kwenda kula mchana. Fungu litatoka kwangu. Litoke. Nimekubali yote.

Alhamisi, 11 Juni
Amekuja! Nimepumua. Adhuhuri alimtumia salamu yule wa Mumias. Jioni mtu akaja na bima akakata. Habil amenuna. Atazoea.

Jumatatu, 15 Juni
Jua zuri. Saa saba Rispa amekwenda kula, mara ya kwanza tangu nimwajiri. Habil alikuwa posta, nikashika kaunta mwenyewe. Akaingia mzee wa Lugari, mmoja wa waliopewa mashamba ya wazungu. Nikamsalimia kwa kituo: mahindi, watoto, mvua. Akaitikia yote kwa adabu. Kisha akauliza yule dada yuko wapi.
Nikamwambia amekwenda kula.
Akavua kofia, akaketi.
"Basi nitamgoja."
Nikamtilia chai.