Firigisi za Baba Perez

Thika, 6 Julai 1956

Mpendwa Baba Perez,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, Perez ameota jino la tatu. Wewe je, kifua kimepona? Huko Ruiru kahawa imeanza kuiva?

Kazi ya jikoni kwa yule mzungu aliyetoka Hong Kong naipenda. Mpishi wake ni Mchina, Bwana Lin, na vyakula vyake ni vituko. Yai la bata hulifukia kwenye majivu na chokaa mpaka liwe jeusi, analiita pidan. Jongoo wa baharini ni haishen. Kuna hata kiota cha ndege, yanwo, kimejengwa kwa mate, na wageni wanakinywa kama supu. Majina yote nimeyashika. Jana nikimpasua kuku akanionyesha firigisi: jizhen. Nilicheka sana.

Mkeo,
Selpha

Ruiru, 15 Julai 1956

Mama Perez,

Salamu. Kifua kimepona, roho ndiyo inauma.

Mayai meusi na ale, mate ya ndege na anywe. Lakini firigisi? Tangu nikuoe hakuna mwanamume mwingine aliyepewa firigisi na mkono wako, hata ndugu yangu. Sasa Mchina anakufundisha jina lake na mnacheka. Hiyo jizhen aliila nani? Naona wivu, sifichi. Nijibu upesi.

Mumeo,
Boaz

Ruiru, 12 Agosti 1956

Mama Perez,

Hamjambo? Wiki nne kimya, basi jibu nimelipata. Jana nilinunua kuku, na Njambi, yule jirani mjane, akanipikia. Firigisi aliniwekea juu ya ugali. Nimeila yote, na mimi pia nilicheka. Sasa tuko sawa.

Boaz

Thika, 19 Agosti 1956

Baba Perez,

Salamu. Perez hajambo, anasimama mwenyewe.

Sikujibu kwa sababu nilitaka jibu ulishike mkononi. Kila kuku akichinjwa Bwana Lin huomba firigisi, nami humnyima. Nilimwambia ina mwenyewe. Nilikuwa nazitia chumvi, nazikausha juu ya moshi na kuziweka kwenye mkebe wa majani chai. Zilifika kumi na tisa. Urbanus, dereva wa lori la mkonge, alikuwa akuletee jana. Barua yako ikatangulia, Ijumaa.

Nililia, kisha nikaona wivu, huo wako wote ukanihamia. Kisha nikaziloweka. Jana nimempakulia Bwana Lin sahani nzima. Alikula polepole, halafu akaniuliza kwetu zinaitwaje. Nikamwambia zilikuwa zinaitwa za Baba Perez.

Selpha