Sauti Zisizotembea Pamoja

Mwanangu Nadège amelamba ukurasa wa tatu sasa hivi. Nimegeuka nikamkuta na wino mweusi kwenye ulimi, anacheka sawa mutu aliyepewa sukari. Nimemfuta kwa ncha ya kikwembe nilichojifunga. Bahati, ilikuwa karatasi ya juzi, ile yenye kosa langu.

Jumatano. Mawingu yamekaa chini juu ya Likasi, mvua inakataa kuanguka, na minye siwezi kutulia. Niko kwenye veranda ya paroisse, hapa kanisani: ninaenda mlangoni mwa biro ya Sœur Agathe, mtawa wetu, ninarudi, ninaandika mistari miwili, ninasimama tena. Courant imekatika tangu asubuhi. Wanasema shida iko Mwadingusha, kwenye bwawa la umeme.

Papa Mukendi, mwalimu wa kwaya yetu, yuko gare, pale treni zinaposimama, na familia yake. Hili ni juma la pili wanalala nje, pamoja na wengine wote wanaofukuzwa, walioambiwa warudi Kasai kwa babu zao. Kurudi! Yeye amezaliwa hapa. Treni inaweza kuja saa yoyote.

Alipotoka nyumbani kwake aliniachia wimbo wake mpya, umeandikwa kwa mkono, niuingize kwenye ordinateri, kompyuta ya Sœur Agathe. Shule niliachia mwaka wa pili wa sekondari, lakini ile programu ya muziki Sœur alinifundisha, na vidole vimeizoea.

Katikati ya wimbo hakuna kuhesabu. Kila sauti inashuka kwa mwendo wake, haingoji mwenzake, mpaka mkono wa mwalimu uanguke. Programu haitaki. Yenyewe inataka mapigo manne, siku zote manne. Ukiacha nafasi inaijaza na alama za kunyamaza. Nilizificha moja moja. Nikafuta mistari inayogawa mapigo. Kisha nikapanga noti za sauti zote nne, moja chini ya nyingine, zikapendeza kama shanga.

Nilijisifu sana.

Jana nikampelekea. Alisoma karatasi juu ya sanduku lake, akacheka mpaka mke wake akageuka. "Mama Nadège, umetupanga sawa batoto ba primaire! Macho ikiona manoti inasimama pamoja, kinywa nayo itaenda pamoja."

Halafu akaacha kucheka. "Minye sitakuwa pale ya kubaambia. Karatasi ndiyo itasema."

Nilirudi na mtoto mgongoni, nikaanza kusogeza noti kwa kitufe cha mshale, nukta kwa nukta: soprano mbele kidogo, alto nyuma, tenori peke yake. Nachafua kwa makusudi kile nilichosafisha. Mama Feza, jirani yangu, ananicheka: "Weye! Mwenye wimbo anaenda, unajisumbulia nini?" Mwenye wimbo anaenda, ndiyo. Wa kuuimba tunabaki.

Niseme ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Jana jioni niliomba treni isije. Watoto wa Papa Mukendi wanakohoa pale chini, na mimi napiga magoti kuomba treni isije, kwa sababu ya noti ambazo sijamaliza.

Mungu anisamehe.

Imebaki besi tu. Saa moja ya courant inanitosha. Nitachapa, nitakimbia gare, nitamwekea karatasi mkononi, nitamwangalia uso akifika pale katikati, na akisema sasa kila mutu anatembea kwa mguu wake, basi mimi

Sœur Agathe anapiga kelele dirishani: "Mama Nadège, kuya mbio! Courant imeru