Diski ya Hina ya Rumaisa

Kisenyi, Kampala
4 Mei 2025

Kwa wifi yangu Zahara,

Assalaam alaykum warahmatullah. Karatasi hii ikukute mzima, na kaka yangu Maftah awe mzima, na lile goti lake liwe limepunguza malalamiko. Sisi huku tunamshukuru Mola. Nakula, nalala, naswali. Mguu wangu uliovunjika unatabiri mvua kuliko redio. Mume wangu Faizal anakusalimu kutoka nyuma ya marobota ya mikeka dukani, anasema nikuambie amekonda kwa kazi. Usimwamini, mkanda wake umehamia tundu la mwisho.

Wifi, kaa kitako. Rumaisa wetu anaolewa! Ni wiki moja baada ya Idi kubwa, Mungu akitufikisha. Kijana ni wa watu wa Kalerwe, anauza viungo, swala hazimpiti, na akicheka anafunika mdomo. Nilimpenda kabla Rumaisa hajamaliza kunitajia jina.

Sasa nina ombi. Unakumbuka Mama alivyokuwa akisema, "Hina ya Rumaisa nitaimba mimi, na nikiwa nimekufa mtajua wenyewe pa kunitafuta"? Basi nimejua pa kumtafuta. Ni kwako. Ile filamu uliyompiga kwenye hina ya jirani yenu huko Mombasa, alipoimba mara ya mwisho kabla hajalala kitandani, mimi sijaitazama mpaka leo. Wewe unajua. Yeye anaondoka, mimi niko hospitali mguu umefungwa plasta. Sikumwosha, sikumsindikiza. Kila ukiniuliza unitumie, nasema bado. Lakini sasa nataka mwanangu ainuliwe, apelekwe penye hina kwa sauti ya bibi yake. Yeye aliahidi, na mimi sitaki aonekane hakutimiza.

Kwa simu usinitumie. Kile kipande ulichojaribu mwaka juzi kilifika kimekunjamana, Mama akasikika kama anaimba ndani ya debe, nikakifunga kabla ya kukitazama. Nimempa kondakta wa basi diski ya nje, mpya, Faizal ameinunua mjini, ndani hamna kitu. Nimeifunga kwenye leso pamoja na kahawa na karanga za kusaga. Na barua ndiyo hii, maana Mama alitufundisha kwamba mzigo usio na barua ni mgeni asiyebisha hodi.

Mbusu Maftah goti.

Wifi yako,
Mwanawetu


Majengo, Mombasa
14 Mei 2025

Wifi yangu wa mimi, Mwanawetu,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua nimeisoma nimesimama, nikapiga vigelegele peke yangu jikoni hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Rumaisa! Juzi tu nilikuwa namfunga nepi. Sisi wazima. Goti limebusiwa, linasema ahsante lakini safari ya basi haliwezi, na mimi sitamwacha mwenye goti peke yake. Ndiyo maana Mama aje huko kwa niaba yetu sote.

Diski yako ilinipa kazi. Unajua kompyuta yangu ni ile yenye tufaa lililong'atwa, ndiyo ninayotengenezea filamu za harusi za wanawake. Diski ilikubali kusomwa, lakini kila nikitaka kuweka kitu ndani, inakataa kama mtoto aliyefunga mdomo mbele ya dawa. Kumbe imetoka kiwandani imepangwa kwa ajili ya kompyuta za Windows. Kwa kuwa uliniambia ni tupu, nimeifomati, yaani nimeifuta na kuipanga upya kwa namna ya mashine yangu. Ikatulia, ikameza filamu yote bila shida.

Nikuambie pia, nimekata na kubandika, sikunakili. Mashine yangu imejaa harusi za watu hadi inahema. Kwa hiyo Mama sasa yuko ndani ya diski hiyo tu, hayuko popote pengine. Mshike vizuri.

Ukiichomeka, ikikuuliza lolote wewe bonyeza ndiyo, hizi mashine zinapenda maswali. Mwanamume asiitazame. Humo ndani tuko vichwa wazi, na mimi nimecheza hadi leo naona haya.

Jambo la mwisho. Katikati ya kasida pana kimya kirefu. Usidhani imeharibika. Asitokee mtu wa kukikata. Sababu sikuambii.

Wifi yako akupendaye,
Zahara


Ujumbe wa simu, 20 Mei, asubuhi

Assalaam alaykum wifi, mmeamkaje. Diski imefika salama. Nimeichomeka kwenye kompyuta ya dukani. Haijaonyesha kitu. Imeandika Kizungu, kwamba sharti ifomatiwe kwanza ndipo itumike, na inauliza nataka kuifomati? Wewe ulisema nibonyeze ndiyo. Lakini na wewe si uliandika kwamba kufomati ni kufuta? Nimekupigia hushiki, na Maftah hashiki. Nijibu. Wifi yako.

Ujumbe wa simu, 20 Mei, magharibi

WIFI USIBONYEZE. Usiguse. Ichomoe. Nilikuwa harusini na simu zote tumekusanyiwa mlangoni kwenye kapu, unajua harusi zetu, na Maftah yake kailalia. Ya Rabbi nisamehe, nimejibu swali ambalo sikulijua. Niambie hujabonyeza. Wifi yako.

Ujumbe wa simu, 20 Mei, baada ya swala

Sijabonyeza. Kunywa maji. Barua inakuja. Wifi.


Kisenyi, Kampala
27 Mei 2025

Kwa Zahara wangu,

Salaam nyingi, na pole kwa mshtuko. Natumai presha imeshuka na umelala. Mimi mzima, nyumba nzima, na Mama mzima pia, kwa namna yake. Sasa nikusimulie vizuri.

Siku ile nimekaa mbele ya kompyuta ya duka, swali la Kizungu linaniangalia, mimi naliangalia. Faizal akaja na kikombe chake cha chai. Akasoma. Akasema, "Mama Rumaisa, si bonyeza tu hapo? Imeuliza kwa adabu."

Nikamwambia, "Ondoka hapo. Ikifunguka ndani kuna wanawake vichwa wazi."

"Nitafumba macho."

"Ukifumba utabonyezaje?"

"Nishike kidole, unielekeze."

Wifi, wateja wawili walikuwa wanachagua mikeka, walicheka wakasahau kulalamikia bei. Lakini Faizal alikuwa amekwisha kunyoosha kidole, wallahi, amekifikisha karibu kabisa. Nikavuta leso yangu juu ya kompyuta, nikaifunika kama maiti. Yeye akanung'unika kwamba mkewe ana wivu hata na mashine. Kama si haya ya wale wanawake wako, kile kidole kingebonyeza, na Mama angefutika hapo hapo kati ya mikeka na chai. Mwenyezi Mungu akitaka kukuhifadhia kitu, hutumia hata haya yako.

Baada ya ujumbe wako nilijua lazima nipate fundi, na fundi awe mwanamke. Hapa Kisenyi mafundi wa kompyuta ni wengi, lakini wote wana ndevu. Rumaisa akasema, "Mama, Aloyo! Nilisoma naye." Aloyo ana kibanda cha kutengeneza kompyuta Kansanga. Baba yake ni polisi, mtu wa kaskazini, yeye kalelewa kambini, na Kiswahili chake ni kile kile cha kambi. Msalaba shingoni, suruali, mikono laini kama ya mkunga. Nimempenda.

Nikamweleza. Akamgeukia mteja aliyekuwa amekaa na simu yake. "Oryem, wewe toka nje kidogo. Hapa iko wanawake."

Huyo Oryem akatutazama. "Wanawake gani? Naona wawili tu."

"Iko wengi. Iko ndani ya diski."

Akatoka, maskini, anageuka nyuma kama ameona jini. Aloyo akafunga pazia, akaniambia, "Mama, tulia. Hii diski haiko mgonjwa. Iko naongea lugha ya Mac. Kompyuta ya mzee iko naongea lugha ya Windows. Wamekutana mlangoni, hakuna mtu anaelewa salamu ya mwenzake. Sasa ile ya mzee ikisema format, maana yake: huyu mgeni mimi simjui, nimfukuze nipange nyumba upya?"

"Na tukikubali?"

"Basi unalia, mama."

Naye anayo kompyuta ya tufaa kama yako. Akachomeka diski humo, na wifi, ikafunguka kama mlango wa jirani. Nikageukia ukutani. Sikutaka kumwona Mama mara ya kwanza kwenye kibanda cha Kansanga, mbele ya nyaya na chupa za soda. Nitamwona siku yake.

Aloyo akanakili filamu kwenye mashine yake kwanza. Nikamwambia, "Nakili, usikate!" Akacheka sana. Ndipo akaifuta diski na kuipanga kwa mpango mwingine unaoitwa exFAT. Anasema mpango huo Mac inausoma na kuuandika, na Windows vilevile. Upo mwingine wa zamani unaokubalika kila mahali, lakini haubebi filamu ndefu kama ya Mama, unaikataa mlangoni kwa uzito. Huu wa sasa nimeuelewa haraka, wifi, maana ni mtu wa Kisenyi kabisa. Sokoni anaongea Kiswahili, kwa mwenye nyumba Kiganda, kwa Msomali anajua salamu zao, na kila nyumba analishwa.

Akarudisha filamu ndani, akaijaribu kwenye Windows, ikacheza. Akaitazama yote kuhakikisha, mimi bado nimetazama ukuta nimeziba masikio nasoma Kulhuwallahu. Akanigusa bega. "Mama, hapa katikati sauti inapotea. Nikate hicho kipande? Nitaunganisha vizuri, hakuna mtu atajua."

Nikakumbuka neno lako. Nikasema, "Kiache."

"Lakini watu watafikiri imekwama."

"Mwanangu, kiache. Mwenye filamu amesema."

Akaniangalia kwa namna fulani, kama mtu aliyesikia jambo na ameamua kulimeza. Akasema tu, "Sawa. Hata mimi ningekiacha."

Nyinyi wawili mna siri. Haya. Alinifundisha na adabu ya mwisho, kwamba diski haichomolewi ghafla. Unaiambia kompyuta kwamba unaitoa, unasubiri ikubali, ndipo unaichomoa. Kumbe hata kifaa kinaagwa. Nimemkaribisha kwenye hina, aje yeye mwenyewe ashike mitambo, maana ukumbini hatuingizi mwanamume.

Mwambie Maftah dua zake zinafika.

Wifi yako,
Mwanawetu


Majengo, Mombasa
3 Juni 2025

Mwanawetu,

Waalaykum salaam, na Idi njema ya mapema. Tu wazima. Barua nimeisoma kwa sauti, Maftah kacheka kidole cha Faizal mpaka goti likapona kwa muda. Mimi nilicheka baadaye. Kwanza nililia, kwa sababu miaka yote hii kazi yangu ni filamu, na nikapanga nyumba ya mgeni kwa mashine yangu peke yake, sikufikiri huko aendako atapokewa na nani.

Huyo Aloyo mpe sahani ya kwanza ya biriani.

Siku ya hina kaa mbele. Usikae jikoni ukajidai una kazi. Nakujua. Mbele.

Zahara wako, wifi


Kisenyi, Kampala
16 Juni 2025

Wifi yangu, Zahara,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sijui nianze kukujulia hali au kukugombeza. Natumai mzima, na mwenye goti mzima. Mimi mzima kuliko nilivyowahi kuwa tangu Mama aondoke. Sauti tu sina, imekwisha, kama ningekuwa napiga simu ungedhani ni chura.

Rumaisa ameolewa. Nikaha imepita kwa heri, kijana amejibu kwa sauti bila kufunika mdomo. Lakini nikuambie hina.

Wanawake walijaa mpaka barazani. Aloyo alikuja na gomesi ya mama yake, lile gauni la Kiganda lenye mabega yaliyochongoka, bega moja limesimama na jingine limelala, kakaa pembeni na kompyuta ya Faizal. Mimi nilikuwa jikoni, ndiyo, usiseme kitu. Rumaisa mwenyewe akaja kunitoa. "Mama, mkaza mjomba Zahara amesema mbele."

Nikakaa. Aloyo akabonyeza.

Na Mama akatoka. Uso ule, wifi. Upande wa kanga ya zambarau. Anakohoa kidogo kusafisha koo, anavuta matari karibu, anamwambia mtu "wewe sogea unanizibia hewa," na ukumbi mzima wa Kampala ukacheka. Akaanza: *Njoo nyumba ya heri, njoo ua la nyumbani.* Rumaisa akainuliwa. Akatembea polepole, na bibi yake anaimba, na wanawake wanapokea *heri iwe, heri iwe,* na mimi nalia vizuri tu, kilio cha harusi.

Mara Mama akanyamaza. Akageuza uso. Akaita, "Mwanawetu! Pokea!"

Nikasikia sauti yako humo ndani, ile ya upole unayomsemeshea mgonjwa, "Mama, Mwanawetu yuko Kampala."

Na yeye akakujibu, "Najua aliko. Nyamazeni. Atapokea."

Kisha kimya. Kile kimya chako. Hakuna aliyegusa tari, ndani ya diski wala ukumbini. Mama katega sikio, anatazama mbele, anatazama pale pale nilipokaa. Anangoja. Hana haraka.

Sikujua nimesimama. Nilijikuta tu nimeshasimama, mguu mbovu na yote, na sauti inanitoka: *heri iwe, Mama, heri iwe na wewe.* Niliimba ubeti mzima wa kupokea, kama alivyonifundisha jikoni nikiwa mtoto, na sauti ilikuwa mbovu, na sikujali. Nikamaliza. Na wifi, nilipomaliza, Mama akaitikia kwa kichwa mle ndani, akatabasamu, akasema, "Eee. Hivyo," akapiga tari, akaendelea.

Ukumbi ulipasuka. Vigelegele mpaka Faizal akaja mbio kutoka nje akidhani moto, wakamfukuza na ungo. Aloyo kaegemea kompyuta analia, msalaba na gomesi vyote vimelowa. Nikamwuliza, "Wewe ulijua?" Akasema, "Mama, mimi nilisikia jina lako. Ndiyo maana sikukata."

Nawe ulijua miaka miwili, ukanyamaza. Nilitaka kukugombeza hapo, lakini nimeghairi. Ungeniambia kabla, ningejibu peke yangu chumbani. Mama hakutaka hivyo. Yeye aliita hadharani, akataka kujibiwa hadharani.

Diski nakurudishia kwa kondakta yule yule, kwenye leso ile ile. Filamu ya Mama imo, na nyingine mpya Aloyo aliyotupiga sisi tukimpokea. Itafunguka kwako kama ilivyofunguka kwangu, hakuna wa kuuliza nani mgeni. Mwite Maftah amsikie mama yake na dada yake katika kasida moja, sehemu hizo Aloyo amezitenga ili wanaume waweze kusikia bila kuona.

Nakili, wifi, tafadhali. Usikate.

Na mkishamaliza kutazama, iageni kwanza ndipo muichomoe.

Wifi yako, aliyepokea,
Mwanawetu