Pikipiki Uliyosema Niigawe

S.L.P. 318,
Kisumu.
16 Juni 1974

Mpendwa ndugu yangu Joram,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Hujambo wewe, na shemeji Elsie je? Baridi ya Ndola, huko Zambia, haijawamaliza? Sisi wazima hapa Nyalenda. Mama alishikwa na malaria, lakini sasa ana nguvu, anapalilia sukuma yake kama kawaida.

Barua yako ilifika. Uliandika kwamba ile pikipiki uliyoniachia miaka mitano iliyopita nimpe yeyote anayeitaka. Nilimsomea Mama barua yote, nikakosea hapo. Ningeliruka neno hilo. Alisema mtu anayegawa vitu vyake akiwa mbali ameshaamua kutorudi. Tangu siku hiyo haulizii tena barua zako. Iliniuma sana, Joram.

Basi sikuigawa. Nimeibadilisha, na tafadhali usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Wewe uliizoesha lami ya Milimani. Mimi naitaka kwenye njia za ng'ombe. Madigadi ya mbele nimeiinua ili tope lisizibe gurudumu. Ekzosti nimeipandisha ubavuni, isinywe maji tukivuka mto. Nyuma nimefunga gia yenye meno mengi zaidi, sasa inapanda mlima taratibu bila kulalamika. Taa zako ziko kwenye gunia chini ya kitanda changu, nzima kabisa.

Siku ya kwanza furaha ilinizidi, nikajaza petroli tupu bila kuichanganya na oili kama injini hii inavyotaka. Mimi, fundi mzima! Karibu na Sondu pistoni ikakwama, na chupa ya oili iko mfukoni mwangu. Nikaimimina kwenye tangi, nikakaa kwenye nyasi nikingoja injini ipoe. Ilipowaka tena, ukatoka ule moshi wa buluu uliokuwa ukitufikia mlangoni kabla yako kila jioni. Nikaunusa kama mjinga.

Halafu nikapanda hadi Nyabondo. Ziwa lilikuwa jeupe kule chini, sikujua linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nilizima injini nikakaa, sijui kwa muda gani. Nilitamani uwe hapo.

Ogola, mwenzangu wa gereji, ananicheka. "Toa hizo vyuma za abiria, bwana. Pikipiki ya milima ni ya mtu moja." Anasema kweli, vile vya kukanyagia vinaongeza uzito. Lakini sivitoi. Mama aliponiuliza ni vya nani, nilimwambia ni vya miguu ya Joram.

Juzi nilimkuta anafuta kiti cha nyuma kwa leso yake. Bila kunitazama akauliza, "Joram ameandika?"

Ndugu yangu, mwandikie. Safari hii nitamsomea yote, sitaruka neno.

Msalimie sana shemeji Elsie. Mke wangu Kageha na watoto wanawasalimu. Mungu awalinde huko, awafungulie na njia ya kurudi.

Mdogo wako akupendaye, ambaye bado amekuwekea nafasi,
Wasike