Mama Alisimama Kumpokea Mgeni

Jumatatu, 4 Machi 2019
Espe kachelewa tena. Gari limemgomea, anasema. Nimemwosha Mama mwenyewe, nimemvika, nimefika hotelini Irving, hapa Texas, mashine za kufulia zikiwa zimeshaanza kunguruma. Bosi kaninunia. Espe simlaumu. Bila yeye, msaidizi anayelipwa na serikali, Mama angekuwa nyumba ya wazee siku nyingi. Alhamisi anakuja mkaguzi kuona kama Mama bado anahitaji msaada. Mguu wa kushoto umekufa tangu kiharusi. Ataona mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Nina hasira.
Mama kamlazimisha Espe amvike kitenge cha Pasaka. Mkaguzi alipopiga hodi, Mama akasimama. Kashika kiti, katabasamu, katoa mkono. Kaagiza chai. Mkalimani kwenye simu akauliza: unaoga mwenyewe? "Naoga, namshukuru Mungu." Unapika? "Napika, mwanangu." Nilipotaka kusema, akanikata jicho. Kwetu mgeni hapokelewi kwa maradhi, najua. Lakini yule si mgeni. Alikuwa anaandika.
Alipotoka tu, Mama kaanguka kitini, kajikojolea. Nimefua kitenge nikilia kwa hasira.

Jumatano, 20 Machi
Wamepunguza saa za msaada. Espe atakuja asubuhi mbili tu kwa wiki. Nimepiga simu ofisini kwao, nimemwambia aliyepokea kwamba mama yangu hawezi hata kufika chooni. Kanijibu kwa upole kwamba mama mwenyewe alisema anaweza. Upole huo umenichoma kuliko tusi. Nimekata rufaa.
Kaka Deo kapiga kutoka Alief, kule Houston. "Dada, mu-applyie tu nursing home, watamtunza." Nyumba ya wazee, anasema yeye ambaye hajaja hata kumkata Mama kucha. Nimemkatia simu.

Ijumaa, 5 Aprili
Nimerudi kazini, nimemkuta sakafuni jikoni. Alitaka kujichemshia uji. Hajavunjika. Kalala kwenye maji, sijui tangu saa ngapi.
Nawachukia wote. Leo hata Mama. Nimemwambia akisema tena kwamba anaweza, watampeleka nyumba ya wazee, na huko nani atamwelewa akiomba maji?

Jumanne, 23 Aprili
Mkaguzi mwingine. Mama kakaa, kavaa gauni la kulalia. Hakuna kitenge, hakuna chai, kama nilivyoamuru. Katoa mkono bila kuinuka. Kaulizwa nani anamwosha. Kajibu akiangalia ukuta: "Wananiosha wao. Hata chooni wananipeleka."
Nilitamani ardhi inimeze. Nadhani tumeshinda, na bado nina hasira, sijui na nani.
Jioni nzima kasema neno moja tu: "Kaondoka hata maji hatujampa."

Jumatatu, 6 Mei
Saa zote zimerudi. Espe karudi. Kachelewa, bila shaka.
Mama kasikia hodi. Kashika meza kwa mkono wa kulia, kaanza kujiinua. Nikafungua mlango. Espe kasimama mlangoni na mkoba wake, haingii, hasalimu, anamngoja. Ilichukua muda. Meza ikasogea kidogo, nikaishika.
Mama akasimama. Wakapeana mikono. "Karibu, mwanangu," akasema.
Nikachukua funguo, nikaenda kazini.