Nyumbani kwa Nyongesa ni Wapi

Bungoma, Jumamosi, 19 Agosti 2006

Mvua ya mchana imekatika, matope yamefika mpaka mlangoni mwa saiba, duka hili la intaneti ninamoandikia. Nina wivu. Naliandika neno hilo kwanza ili nisilizunguke.

Ninayemwonea wivu ni Nyongesa, mtoto wa mama yangu mdogo wa Ndalu. Alikuja kwetu Chwele akiwa darasa la pili, mama yake alipofariki, na tangu hapo tunalala chumba kimoja. Mwaka huu amenichukulia jezi namba kumi na moja ya timu ya parokia yetu.

Kwa wasioujua mchezo wetu: ni kandanda ya Kiayalandi. Mpira unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, wachezaji kumi na watano kila upande. Ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Padre wetu aliuleta kutoka kaunti yake huko Ayalandi, ambako kila parokia ina klabu, na klabu zote za kaunti hugombea kombe moja kila mwaka. Anasema huko mtu huchezea kwao mpaka magoti yakatae. Kuhama klabu ni kama kuhama mama.

Sisi tulianza parokia tatu tu, na ukishindwa mara moja umekwisha. Watu wakalalamika: pikapu imekodishwa kutoka Bungoma mpaka Kitale, halafu ni mechi moja na kurudi? Mimi, katibu wa timu yetu, ndiye niliyependekeza makundi. Sasa tuko parokia sita, makundi mawili, na timu mbili za juu za kila kundi zinaingia nusu fainali. Fainali ikitoka sare hakuna penalti, inarudiwa. Lakini sheria ya Padre haijaguswa: kila mtu achezee nyumbani kwao.

Jumapili iliyopita tulicheza fainali na Kitale, hapa Bungoma, uwanja wa Kanduyi. Mimi nilikuwa benchi. Dakika ya mwisho, tukiwa nyuma kwa pointi moja, Nyongesa aliupiga mpira kutoka pembeni kwa mguu wa kushoto, ukapita juu ya mwamba. Sare. Watu wakavamia uwanja. Padre akamshika bega, akamwambia, "Mguu huu ni wa kwetu kabisa."

Maneno hayo hayo aliwahi kuniambia mimi.

Jioni Mama akachinja kuku. Tangu Baba afariki firigisi ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba. Mama akaiweka kwenye sahani ya Nyongesa.

"Leo tu," akasema. "Si amecheza?"

Nikamega ugali wangu.

Katikati ya wiki Kitale wakakata rufaa. Walisema Nyongesa ni wa Ndalu, na Ndalu wana timu yao, iliyotolewa kwenye makundi. Kikao kikapangwa kufanyika leo asubuhi kule Kitale, Padre akiwa mwenyekiti. Niliitwa mimi kwa kuwa ni katibu na naishi naye. Akikataliwa, jezi inanirudia.

Njiani nilitayarisha jibu moja: alizaliwa Ndalu. Si uongo. Na lingetosha.

Katibu wa Kitale, Bwana Masika, ni Mbukusu kama mimi. Hakupoteza wakati.

"Katibu, tusisumbuane bana. Huyo kijana alizaliwa wapi?"

"Ndalu."

"Si niliwaambia?" akamgeukia Padre akicheka.

Nilitaka sana kuishia hapo. Lakini Padre akaniuliza, polepole, "Na nyumbani kwake ni wapi?"

Ni mwaka wa tohara huu. Barabarani wavulana walikuwa wakipita na kengele zao, wakialika jamaa. Tuliwasikia sote mle ndani. Kwetu Wabukusu, mvulana husimama kukatwa katika uwanja wa nyumba ya kwao.

"Alitahiriwa kwetu," nikasema. "Alisimama uwanjani kwa Baba, asubuhi moja na mimi. Baba alikuwa nyuma yetu wote wawili."

Bwana Masika akakuna kichwa. "Padre, hapo mimi sina neno. Hapo ndipo nyumbani." Kisha akanigeukia. "Lakini wewe, ndugu yangu, ati umejitoa kwenye timu kwa mdomo wako mwenyewe!"

Wakacheka wote. Nikacheka nao mpaka mashavu yakaniuma.

Sikusema kwa wema. Nilisema kwa sababu kuikana asubuhi ile ni kumkana Baba. Na hata asubuhi ile, watu walimsifu Nyongesa kwamba hakupepesa jicho mbele ya kisu. Mimi pia sikupepesa. Hakuna aliyelitaja hilo.

Niliporudi, Nyongesa nilimkuta Kanduyi, ameinama bombani akiosha viatu vya mpira.

"Niaje? Wamesemaje?"

"Utacheza."

"Nilijua tu. Si wewe ndiye ulienda?"

Hakuinua hata kichwa. Aliendelea kusugua matope, kana kwamba hapakuwa na jibu lingine ambalo ningeweza kutoa.

Hilo limeniuma kuliko firigisi.

Kesho tunarudiana, Kitale. Akifunga, benchi nzima itasimama, na katibu hawezi kubaki ameketi peke yake. Kusimama nitasimama. Makofi je?